Lawama za mfalme, shingo ya kipenzi

Katika kasri la Mfalme Henry VIII wa Uingereza palikuwa na kazi ambayo ukitajiwa leo utadhani ilikuwa ya mtumishi wa mwisho kabisa. Mwenye kazi hiyo alimhudumia mfalme chooni. Alihakikisha kiti cha haja kipo, maji yapo, kitambaa kipo, akabaki pale mpaka bwana wake amalize. Lakini aliyeifanya alikuwa mtu wa ukoo unaojulikana, mwenye mashamba yake, na wakubwa wenzake walimwonea wivu. Kwa miaka mingi alikuwa Sir William Compton. Kuanzia 1526 akawa Henry Norris.

Wivu huo ulikuwa na sababu. Kasri la kifalme lilipangwa kama chujio. Kwanza ukumbi mkubwa, ambamo karibu kila mtu mwenye nguo za heshima aliweza kuingia. Kisha chumba cha walinzi, kisha chumba cha hadhara chenye kiti cha enzi, kisha Chumba cha Faragha, na ndani zaidi chumba cha kulala. Kila mlango ulipunguza watu. Waziri aliweza kusubiri nje asubuhi nzima na makaratasi yake mkononi, na huku ndani mtu kama Norris yuko peke yake na mfalme, wanaongea habari za kuwinda, na katikati ya maongezi anamkumbusha kwamba fulani anaomba cheo, au kwamba ndugu wa fulani bado yuko kifungoni. Saini nyingi zilipatikana kwa njia hiyo.

Nimezisoma habari za vipenzi wa wafalme wa Uingereza kwa miaka mingi, na nimechoshwa na namna zinavyosimuliwa. Kijana mwenye sura nzuri anatoka kusikojulikana, mfalme anampenda, anapewa vyeo, anaingiwa na kiburi, anauawa, na msimulizi anafunga hadithi kwa kutuambia kwamba aliye juu mngojee chini. Simulizi hiyo inamwacha nje mtu mmoja, naye ndiye aliyevitoa vyeo vyote. Sheria ya Uingereza ilishikilia kwamba mfalme hawezi kutenda kosa. Basi kosa likitokea, na makosa yalitokea kila mwaka, lilitafutiwa mwenyewe. Kipenzi ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Naamini hiyo ilikuwa sehemu ya kazi yake, ingawa hakuna hati ya uteuzi iliyowahi kuitaja: kubeba lawama zisizoruhusiwa kumfikia aliyevaa taji.

Tazama kilichompata Piers Gaveston. Baba yake alikuwa askari wa farasi mwenye cheo huko Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa ya leo, eneo lililokuwa chini ya mfalme wa Uingereza. Mfalme Edward I mwenyewe ndiye aliyemweka katika nyumba ya mwanawe. Mwaka 1307, alipoona urafiki wa vijana hao ulikofika, akamfukuza Gaveston nchini. Miezi michache baadaye mzee akafa, na moja ya mambo ya kwanza aliyoyafanya Edward II ni kumrudisha rafiki yake. Agosti mwaka huo huo Gaveston akawa Earl wa Cornwall, cheo ambacho watu walizoea kukiona mikononi mwa damu ya kifalme. Akaozwa Margaret de Clare, mpwa wa mfalme. Mfalme alipovuka bahari kwenda kuoa, nchi ilibaki chini ya uangalizi wa Gaveston.

Kutawazwa kulifanyika Westminster tarehe 25 Februari 1308. Gaveston alikuja amevaa zambarau iliyodariziwa lulu, rangi ya wafalme, akapita mbele ya wenye nasaba zao amebeba taji la Mtakatifu Edward. Malkia Isabella, binti wa mfalme wa Ufaransa, alikuwa na umri wa miaka kama 12. Ami zake waliomsindikiza waliondoka wamekasirika, kwa kuwa siku nzima mfalme alionekana kumjali rafiki yake kuliko mkewe. Na Gaveston alikuwa na ulimi. Aliwabandika wakubwa majina ya utani. Alimwita Earl wa Warwick mbwa, na Warwick hakusahau.

Mpaka hapo ni hadithi ya kiburi, na ni kweli alikuwa nacho. Lakini Aprili mwaka huo makabaila walifika Bungeni na tamko ambalo kwangu ndilo ufunguo wa mambo yote yaliyofuata. Walisema kiapo chao cha utii kinalihusu taji zaidi ya mtu anayelivaa. Kwa maneno mengine, tunaweza kumpinga Edward bila kumpinga mfalme. Lilikuwa wazo kubwa na la hatari, na hawakuwa tayari kulifikisha mwisho wake. Wakalisimamisha nusu njia, juu ya Gaveston. Yeye ndiye aliyefukuzwa. Edward akampa kazi ya kuiwakilisha serikali Ireland, akamrudisha mwaka uliofuata. Mwaka 1311 wakamfukuza tena kwa sheria maalumu za kuirekebisha nyumba ya mfalme. Mwanzoni mwa 1312 akarudi tena.

Safari hii walimfuata na majeshi. Alijisalimisha katika ngome ya Scarborough kwa Earl wa Pembroke, ambaye aliapa kumlinda. Njiani wakielekea kusini, Pembroke alipokuwa ameenda kumtembelea mkewe, Warwick alivamia kijiji cha Deddington na kumchukua. Tarehe 19 Juni 1312 alipelekwa mlima wa Blacklow, kwenye ardhi ya Earl wa Lancaster. Mtu mmoja akamchoma upanga, mwingine akamkata kichwa. Alikuwa ametengwa na Kanisa, kwa hiyo hakuweza kuzikwa kwa haraka. Mapadre wa shirika la Mtakatifu Dominiko waliuchukua mwili hadi Oxford, ukakaa huko zaidi ya miaka miwili kabla mfalme hajamzika kwa heshima King's Langley mwanzoni mwa 1315.

Je, nchi ilipona? Edward akapata kipenzi mwingine, Hugh Despenser mdogo, ambaye kwa tamaa ya ardhi alimpita Gaveston mbali sana. Despenser naye akauawa kikatili mjini Hereford mnamo Novemba 1326. Hapo tu, baada ya kuishiwa watu wa kulaumu, ndipo walipomgeukia Edward mwenyewe. Januari 1327 akavuliwa ufalme. Miaka karibu 20 ilipita tangu lile tamko la 1308, na vichwa viwili vilitangulia, kabla ya watu kutamka kwa sauti kile walichokijua siku zote kwamba tatizo lilikuwa kwenye kiti cha enzi.

Turudi kwa Norris, maana kuna tukio moja ambalo kila nikilisoma naliona kama niko pale barabarani. Thomas Wolsey, ambaye maadui zake walipenda kumwita mwana wa mchinja nyama wa Ipswich, alikuwa Askofu Mkuu wa York, kadinali na Kansela, na kwa takriban miaka 14 mambo ya nchi yalipita mkononi mwake. Mwaka 1529 alianguka kwa sababu Papa Clement VII hakubatilisha ndoa ya Henry na Catherine wa Aragon. Papa alikuwa akimwogopa Mfalme Mkuu Charles V, mpwa wa Catherine, na hakuna waziri wa Kiingereza ambaye angeweza kubadili hilo. Wolsey akanyang'anywa ukansela, akaamriwa aende Esher. Alikuwa juu ya nyumbu wake, Putney, Norris alipomfikia na pete kutoka kwa mfalme na ujumbe kwamba asikate tamaa, mfalme bado anampenda.

Kadinali yule akashuka akapiga magoti yote mawili matopeni. Alitaka kuvua kofia kwa heshima ya aliyetuma ujumbe, kamba hazikufunguka, akazikata kwa nguvu akabaki kichwa wazi. Akamvisha Norris mkufu wake wa dhahabu wenye msalaba mdogo. Hakuwa na zawadi ya kumpelekea mfalme, basi akampa mchekeshaji wake aliyeitwa Patch. Patch alikataa kumwacha bwana wake. Ilibidi wanaume sita wenye nguvu wamshike ndipo aende. Haya yameandikwa na George Cavendish, mtumishi wa karibu wa Wolsey aliyekuwapo. Kwangu, Patch ndiye mtu wa heshima kuliko wote waliokuwa pale Putney siku ile.

Pete haikumwokoa. Wolsey alifariki katika abasia ya Leicester tarehe 29 Novemba 1530, akiwa njiani kurudishwa kujibu mashtaka ya uhaini. Na Norris aliyeileta pete? Tarehe 17 Mei 1536 alikatwa kichwa, ametuhumiwa uzinzi na Malkia Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry, mashtaka ambayo wanahistoria wengi hawayaamini. Miaka kumi ya kumhudumia mfalme mahali pa siri kuliko pote haikumnunulia hata nafasi ya kusikilizwa vizuri.

Thomas Cromwell, waziri mkubwa wa Henry baada ya Wolsey, nimpitie haraka, ingawa anastahili makala yake peke yake. Aprili 1540 alipewa cheo cha Earl wa Essex. Tarehe 10 Juni alikamatwa kwenye meza ya baraza. Kutoka Mnara wa London, ngome walimofungwa watuhumiwa wakubwa, alimwandikia mfalme barua inayoishia kwa kuomba rehema, rehema, rehema. Aliuawa tarehe 28 Julai, siku ile ile Henry alipomwoa Catherine Howard. Mwaka uliofuata balozi wa Ufaransa aliripoti kwamba mfalme analalamika: washauri wake walimfanya, kwa visingizio vidogo na mashtaka ya uongo, amuue mtumishi mwaminifu kuliko wote aliowahi kuwa naye. Yaani hata kosa la kumuua kipenzi lilitafutiwa mtu mwingine wa kulibeba.

Kwa Elizabeth I mambo yalikuwa na sura nyingine, kwa sababu malkia aliwapenda watu wake bila kuwaachia mfuko. Robert Devereux, Earl wa Essex, alikuwa mwanafunzi wa mwisho wa mchezo huo na hakuuelewa. Utajiri wake mwingi ulitokana na haki moja tu, ya kukusanya ushuru wa divai tamu zilizoingia nchini, na haki hiyo ilikuwa na tarehe ya kwisha. Alikopa kwa kuitegemea. Mwaka 1598, wakibishana kuhusu nani apelekwe Ireland, alimgeuzia malkia mgongo mbele ya watu. Elizabeth akampiga kibao cha sikio. Essex akashika upanga. Mwaka 1599 alipewa mojawapo ya majeshi makubwa kuliko yote ya enzi ile, askari zaidi ya 16,000, akamalize uasi wa Earl wa Tyrone. Badala yake alifanya mapatano, akaacha kituo bila ruhusa, na asubuhi ya tarehe 28 Septemba akaingia mbio katika chumba cha kulala cha malkia kwenye kasri la Nonsuch, matope ya safari yakiwa usoni. Elizabeth alikuwa na miaka 66, ndiyo kwanza anaamka, hajavaa nywele zake za bandia wala rangi za uso. Milango yote ya chujio nimeieleza. Essex aliipita yote kwa mkupuo mmoja bila kuitwa.

Malkia alizungumza naye kwa upole asubuhi hiyo. Jioni mlango ulifungwa, na haukufunguliwa tena. Haki ya divai ilipokwisha mwaka 1600, hakuihuisha. Hapo Essex akawa mtu aliyefilisika. Jumapili tarehe 8 Februari 1601 aliingia katikati ya London na watu wapatao 300 akiwaita wananchi wamfuate. Hakuna aliyetoka. Alikatwa kichwa siku ya 25 ya mwezi huo huo.

Lakini sikiliza alichokuwa akikidai. Hakusema anaenda kumpiga malkia. Alisema anaenda kumwokoa kutoka kwa washauri wabaya, Robert Cecil na Walter Raleigh. Kipenzi aliyeanguka alitumia dhidi ya wenzake kisingizio kile kile ambacho Warwick alikitumia dhidi ya Gaveston. Ilikuwa ndiyo lugha pekee ya upinzani iliyokuwapo.

Alipokufa Elizabeth mwaka 1603 alikuja James kutoka Scotland, na kwake mapenzi na hazina vilikaa chumba kimoja. Mwaka 1607 kijana wa Kiskoti, Robert Carr, alianguka kutoka juu ya farasi katika mashindano ya mikuki akavunjika mguu mbele ya mfalme. James alimtembelea kitandani, na mguu ulipopona akawa anamfundisha Kilatini asubuhi. Mwaka 1609 akampa shamba la Sherborne, lililokuwa la Raleigh, ambaye wakati huo alikuwa mfungwa Mnarani. Mwaka 1613 Carr akawa Earl wa Somerset, akamwoa Frances Howard, ambaye ndoa yake ya kwanza na mtoto wa yule Essex aliyekatwa kichwa ilikuwa imebatilishwa kwa shinikizo la mfalme.

Carr alikuwa na rafiki, Sir Thomas Overbury, aliyemsaidia kuandika barua na kusoma nyaraka za serikali. Overbury aliipinga ndoa ile kwa sauti kubwa. Aprili 1613 akafungwa Mnarani kwa kisingizio kwamba amekataa kazi ya ubalozi, na Septemba akafa humo. Miaka miwili baadaye ikajulikana kwamba alitumiwa vyakula vyenye sumu. Frances alikiri. Carr alikana mpaka mwisho. Mwaka 1616 wote wawili walihukumiwa kufa, na mfalme akawasamehe; walikaa Mnarani mpaka 1622 kisha wakatoka. Watu wanne wadogo zaidi, akiwemo mlinzi wa mfungwa na mkuu wa Mnara, walikuwa wameshanyongwa mwaka 1615. Hapa hasira hunipanda kila mara. Lawama ilishuka ngazi: kutoka kwa mfalme kwenda kwa kipenzi, na kutoka kwa kipenzi kwenda kwa watu ambao hawakuwa na wa kuwaombea.

Wakati Carr akianza kumchosha mfalme, maadui zake walikuwa wameshatafuta mbadala. George Villiers, mtoto wa mke wa pili wa mwenye ardhi mdogo huko Brooksby, Leicestershire, aliletwa mbele ya James huko Apethorpe mnamo Agosti 1614. Alikuwa na miaka 21, anacheza dansi vizuri, na nguo zake, inasemekana, zilichangiwa na waliomleta. Walimpatia kazi ya mnyweshaji, amimine divai mezani na huku anaonekana. Kwa hatua iliyofuata walimhitaji malkia, Anne wa Denmark, kwa kuwa James hakumchukua kipenzi mpaka mkewe amsihi. Hivyo siku malkia akija kulalamika, atamkumbusha kwamba ni yeye aliyemleta. Habari hii tunaipata kwa Askofu Mkuu Abbot, aliyekuwa kati ya waliomshawishi malkia. Anasema Anne aliwaonya: mkimwingiza kijana huyu, wa kwanza kuumizwa naye ni ninyi mnaomhangaikia. Kisha akakubali.

Aprili 1615 Villiers akaingia chumba cha kulala cha mfalme. Mwaka 1616 akawa mkuu wa farasi za mfalme, 1617 Earl wa Buckingham, 1618 Marquess, 1623 Duke. Mama yake akapewa cheo chake mwenyewe, kaka na mdogo wake nao vyao. Mwaka 1617 James aliliambia baraza lake kwamba Kristo alikuwa na Yohana wake, naye ana George wake. Ukitaka kazi, ardhi au hukumu nyepesi, ulimpitia Buckingham au ndugu zake, na kwa kawaida ulilipa.

Mwaka 1624 Buckingham aliwachochea wabunge wamshtaki waziri wa hazina, Lionel Cranfield, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amempandisha. James, mgonjwa na mzee, alimwonya kwamba anakata fimbo atakayochapwa nayo mwenyewe. Nampa James haki yake hapa. Alikuwa ametawala tangu utotoni na aliijua tabia ya fimbo hiyo.

James alifariki Machi 1625. Kwa kawaida kipenzi hufa na bwana wake, lakini Buckingham alikuwa ameshamshika mwana pia, na Charles I akamrithi pamoja na taji. Vita zikafuata: msafara wa Cadiz mwaka 1625 uliorudi na aibu, kisha mwaka 1627 kisiwa cha Ré nchini Ufaransa, ambako maelfu ya askari walikufa kwa risasi, njaa na maradhi, na waliobaki wakarudi bila mishahara. Mwaka 1626 wabunge walimshtaki Buckingham. Sir John Eliot akamfananisha na Sejanus, kipenzi wa Kaizari Tiberio wa Roma aliyejulikana kwa ukatili. Charles akaelewa mara moja: kama huyu ni Sejanus, basi mimi nimefanywa Tiberio. Akamtia Eliot Mnarani na kulivunja Bunge. Alikuwa sahihi katika kusoma kwake, na ni huzuni kubwa kwamba hakuna alichojifunza kutokana nako.

Kati ya waliorudi kutoka Ré alikuwa Luteni John Felton. Alijeruhiwa, alikuwa anadai mshahara, na alinyimwa cheo cha kapteni. Mwaka 1628 wabunge walipotoa tamko wakimtaja Duke kuwa chanzo cha maovu ya nchi, Felton alilisoma. Akanunua kisu cha bei ndogo Tower Hill na kwenda Portsmouth, ambako Buckingham alikuwa anaandaa msafara mwingine. Tarehe 23 Agosti nyumba aliyofikia Duke ilijaa maofisa na waombaji, na katika msongamano ule hakuna aliyemwuliza luteni mmoja anatafuta nini. Duke alipokuwa anatoka kwenye kifungua kinywa, akainama kuagana na kanali mmoja, kisu kikapita juu ya bega la kanali hadi kifuani mwake. Alikichomoa mwenyewe, akapiga hatua kadhaa, akaanguka. Alikuwa na miaka 35. Mkewe alikuwa ghorofani.

Watu walidhani ni kazi ya Wafaransa, wakapiga kelele kwamba kuna Mfaransa. Felton, aliyekuwa amesimama jikoni na angeweza kuondoka zake, alidhani wanaita jina lake. Akajitokeza, akasema ndiye. Ndani ya kofia yake alikuwa ameshona karatasi, kwa kuwa alitarajia kuuawa papo hapo bila kupewa nafasi ya kusema. Karatasi ilieleza kwamba ni mwoga, asiyestahili kuitwa muungwana wala askari, yule asiyekuwa tayari kutoa maisha yake kwa heshima ya Mungu wake, mfalme wake na nchi yake.

Mfalme wake! Askari aliyekosa mshahara wa mfalme, aliyejeruhiwa katika vita ya mfalme, alimuua rafiki mpenzi wa mfalme, na aliamini moyoni kwamba amemtendea mfalme hisani. London walikunywa kwa afya yake. Buckingham alizikwa Westminster usiku, askari wakiwa wamepanga mistari wanapiga ngoma ili watu wasifanye sherehe. Felton alinyongwa Tyburn mnamo Novemba.

Charles hakuchukua kipenzi mwingine wa namna ile. Mapenzi yake yakahamia kwa mkewe, Henrietta Maria, na ndoa yao ikawa nzuri kweli kweli. Kwa maisha ya mtu binafsi ningesema heri. Kwa ufalme, ngao ilikuwa imeondoka. Kuanzia 1629 alitawala bila Bunge kwa miaka 11, na kodi zilizochukiwa sasa zilikuwa kodi zake. Mwaka 1641 Bunge lilimtaka Earl wa Strafford, waziri wake wa chuma, na lilipoona kesi inayumba likatunga sheria ya kumuua. Charles alikuwa amemwahidi kwa maandishi kwamba hatadhurika maisha, heshima wala mali. Umati ukazunguka kasri. Akatia saini, na tarehe 12 Mei Strafford akakatwa kichwa. Tarehe 30 Januari 1649, juu ya jukwaa mbele ya jumba lake la karamu huko Whitehall, Charles alisema kwamba hukumu isiyo ya haki aliyoiruhusu sasa inaadhibiwa kwa hukumu isiyo ya haki juu yake. Aliongea habari za Strafford. Safari hii hakuwapo mtu kati ya taji na shoka.

Karne iliyofuata vichwa vilibaki mabegani, na bado ugonjwa ulikuwa ule ule. Malkia Anne, aliyetawazwa 1702, alikuwa na rafiki tangu ujana, Sarah Churchill, mke wa Duke wa Marlborough. Barua zao waliandikiana kwa majina ya kubuni, Bi Morley na Bi Freeman, ili cheo kisiingie kati yao. Sarah alishika mfuko wa malkia, mavazi yake, na pia kazi ile ya Compton na Norris, ambayo sasa ilikuwa ya heshima tupu na alama yake ilikuwa ufunguo wa dhahabu. Alikuwa mwerevu, mkweli kupita kiasi, na aliamini kwamba urafiki unampa haki ya kumfundisha malkia siasa. Anne alilipenda Kanisa la Uingereza na chama cha Tory kilichojitangaza kulilinda. Sarah alikuwa mfuasi wa Whig, chama pinzani, na hakuacha kumshinikiza. Mwaka 1708, wakiwa njiani kwenda ibada ya shukrani ya ushindi wa vita, waligombana juu ya vito ambavyo Anne hakuvivaa, na Sarah akamwambia malkia wa Uingereza anyamaze.

Kipindi hicho hicho binamu maskini wa Sarah, Abigail Hill, ambaye Sarah mwenyewe ndiye aliyemwingiza kasrini, alikuwa anamuuguza Anne, anamliwaza, anamsikiliza. Tarehe 6 Aprili 1710, Kensington, Sarah aliomba kuonana na malkia ajieleze. Alikuwa amesema kabla kwamba hataki jibu. Anne alisimama pale na kurudia sentensi moja: hukutaka jibu, hutapata jibu. Sarah alilia; sentensi haikubadilika. Hawakuonana tena. Januari 1711 ufunguo wa dhahabu ulirudishwa, na Sarah akadai malimbikizo ya miaka 9 ya posho ya pauni 2,000 kwa mwaka aliyokuwa ameikataa alipopewa mwanzoni. Akalipwa. Mfuko wa malkia ukaenda kwa Abigail.

Sarah aliishi mpaka 1744, na mwaka 1742 alichapisha utetezi wake. Hilo ni jambo adimu. Gaveston tunamsikia kwa wanahistoria wa monasteri waliomchukia, Carr na Buckingham mara nyingi kwa watu waliopoteza vyeo kwa ajili yao. Sarah alipata kusema mwenyewe. Na alichosema ni kwamba malkia aliharibiwa akili na Abigail, mtumishi mjanja aliyeupotosha moyo wake. Mwanamke aliyeujua mwili na barua za Anne kwa zaidi ya miaka 25 hakuweza kukubali kwamba Anne alikuwa na mawazo yake mwenyewe kuhusu Kanisa, kuhusu vita, na kuhusu kupigiwa kelele. Abigail aliondoka kasrini Anne alipofariki mwaka 1714, akaishi kimya mpaka 1734. Hakuchapisha neno la kujitetea, na sehemu kubwa ya tunachosoma juu yake hadi leo kimetoka kwa Sarah.